Kabla ya Kununua Miche, Tupime Ugumu wa Udongo



Sisi watu wa Muleba tunajua kupima. Kahawa tunaipima kwenye mizani ya chama cha msingi, na mtu akipunjwa kilo moja tu kijiji kizima kitapata habari. Kiwanja tunakipima kwa hatua. Mafuta tunayapima kwa chupa. Lakini udongo tunaokwenda kuupanda miti, tukitegemea miti hiyo itusomeshee wajukuu miaka 15 au 20 ijayo, huo hatuupimi. Tunautazama kwa juu, tunaona nyasi zimeota, tunasema: "Hapa panafaa." Kisha tunatoa fedha, tunanunua miche.

Katika somo la leo tutajifunza kupima ugumu wa udongo, na kwa nini ugumu huo unaizuia mizizi ya miti kukua. Tutatumia kipande cha nondo, madumu mawili, kopo tupu na mizani. Vitu hivyo vyote vipo kijijini.

Mzee mmoja akisoma haya huenda akacheka: "Waitu, udongo nao hupimwa?" Ndiyo mzee, hupimwa. Na tutaona kwamba majibu yake yanaweza kugusa mambo makubwa, hata ugomvi wa wenye ng'ombe na wenye miti.

MICHE YA SIKU MOJA, MITI ISIYOLINGANA

Tazameni miti iliyopandwa kwenye rweya, yaani zile mbuga zetu za nyasi zilizo nje ya vibanja. Siku hizi watu wengi wanapanda huko misindano, ambayo wengine huiita paini, na mikaratusi. Mara nyingi utakuta jambo la ajabu. Miche ilitoka kitalu kimoja. Ilipandwa siku moja, na watu wale wale. Baada ya miaka minne mistari mingine imepita paa la nyumba, na mingine iko kiunoni, majani yake yamekuwa ya njano. Ikifika Julai au Agosti, jua likikaza, ile mifupi ndiyo inayokauka kwanza.

Hapo maneno huanza. Huyu anasema miche ilikuwa mibovu. Yule anasema ni mchwa. Mwingine anasema udongo wa rweya umechoka, kwa sababu miaka mingi tumekuwa tukikata nyasi zake na kuzitandaza kwenye kibanja, chakula cha ardhi kikahama pamoja na nyasi. Hata huyo hasemi uongo. Rweya imelisha migomba yetu tangu enzi za mababu na haijalipwa.

Lakini chukueni jembe, mchimbe pembeni ya mti mmoja mrefu na mmoja mfupi. Chimbeni shimo refu kwenda chini hadi magotini, hatua moja kutoka kwenye shina. Shimo hilo ni shahidi. Kwenye mti mrefu mara nyingi mtaona mizizi imeshuka chini. Kwenye mti mfupi huenda mkaona mzizi umeshuka kidogo, umefika mahali, umepinda kama kiwiko cha mkono, kisha umelala na kwenda pembeni. Mzizi mwingine umevimba na kubapa kama uliobanwa na mlango. Mkiona hivyo, mjue mzizi ulikutana na ukuta. Ukuta huo ni udongo ulioshindiliwa.

UDONGO UNA VYUMBA

Tunaposema udongo, wengi tunafikiri ni kitu kizima kilichojaa. Kumbe sivyo. Udongo ni chembe nyingi ndogo, na katikati ya chembe kuna nafasi. Nafasi hizo ni vyumba na njia. Nyingine ni kubwa, unaziona kwa macho, kama njia za nyungunyungu na za mizizi iliyooza. Nyingine ni ndogo mno. Mvua ikinyesha, maji hupita kwenye zile kubwa na hukaa kwenye zile ndogo. Maji yakishapita, hewa huingia. Mizizi nayo huhitaji hewa, kama sisi. Katika udongo mzuri wa kibanja, karibu nusu ya udongo ni nafasi tupu yenye maji na hewa.

Sasa mmewahi kuona mchuuzi anavyojaza gunia la lumbesa. Anatingisha, anasukuma, anakanyaga kwa mguu, na gunia linapokea tena na tena. Mahindi hayakupungua, ila nafasi kati ya punje zimepungua. Udongo nao hufanywa lumbesa. Kila unapokanyagwa, chembe husogeleana, vyumba hubanwa. Vyumba vinavyoanza kupotea ni vile vikubwa, na ndivyo vilivyokuwa njia za maji, hewa na mizizi.

Mzizi wenyewe husukuma kwa ncha yake. Ncha hiyo ni laini, na nyuma yake kidogo ndipo mzizi unaporefuka na kuisukuma mbele. Ina ujanja wake: hutoa ute wa kujilainishia njia, na ikikutana na kitu kigumu hujaribu kupindia upande. Ikipata tundu hupita. Ikikosa tundu inabidi isukume chembe zipishe. Lakini nguvu yake ina mwisho. Wataalamu wamepima kwa chuma kilichochongoka na kuona kwamba pale ambapo chuma kinahitaji nguvu ya kama kilo 20 kwa kila sentimita moja ya mraba ili kuzama, mizizi ya mimea mingi inakaribia kusimama. Sentimita moja ya mraba ni kama ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Ishikeni hesabu hiyo ya kilo 20, tutaitumia.

Mti wenye mizizi iliyosimama juu juu una matatizo matatu kwa mara moja. Kiangazi unakosa maji, kwa sababu maji yako chini na mizizi iko juu. Masika maji hayashuki, yanatuama, na mizizi inakosa hewa. Halafu ukibahatika kukua, upepo mkali wa kutoka ziwani unaweza kuung'oa, maana haukujishika.

NANI ANAYESHINDILIA?

Hapa tuseme ukweli hata kama hautatufurahisha wote. Vijijini mwetu, miti ikidumaa kwenye rweya, wa kwanza kulaumiwa ni ng'ombe na mwenye ng'ombe. Hufanyika mkutano, watu wanapiga kelele, mtu anatozwa faini. Tupige hesabu kidogo.

Tuseme ng'ombe ana kilo 300. Anapotembea, kuna wakati uzito wake uko juu ya kwato mbili tu. Tuseme kila ukwato unakanyaga sentimita 60 za mraba. Kwato mbili ni 120. Tukigawa 300 kwa 120 tunapata 2.5. Yaani kila sentimita ya mraba inabeba kilo mbili na nusu. Kwa udongo uliolowa, huo si uzito mdogo. Ng'ombe wengi wakipita njia ile ile kila siku kwenda majini, udongo wa juu hushikana kabisa. Lakini mara nyingi ubaya huo unaishia sentimita 10 au 15 kwenda chini. Jembe linaufikia.

Sasa tutazame lori linaloingia shambani kubeba magogo au mbao. Gurudumu la lori hujazwa upepo mkali, mara nyingi karibu kilo 7 kwa kila sentimita ya mraba, na udongo chini ya gurudumu hubeba mzigo unaokaribia huo. Tena lori lina tani nyingi, na mzigo ukiwa mzito ubaya unashuka chini zaidi, sentimita 30, 40 au hata zaidi. Huko jembe halifiki. Tena huko, udongo ukishashikana, huchukua miaka mingi kujifungua wenyewe. Nchi zenye baridi kali hupata msaada wa barafu, ambayo huganda ndani ya udongo na kuupasua kila mwaka. Sisi hatuna barafu. Tunao mchwa, nyungunyungu na mizizi, na hao wanafanya kazi polepole.

Hivi ni nani amewahi kuona mwenye lori akitozwa faini kijijini kwa kupita ovyo kwenye shamba la miti wakati wa mvua? Sisi tunaona hapo hatutendi haki. Mchungaji anaonekana kila siku, lori linakuja mara moja baada ya miaka 15 na kuondoka, na alama zake tunazisahau. Lakini atakayepanda tena pale pale ataziona. Miti yake itakuwa mifupi kwa mistari, kama iliyopangwa kwa kamba, na mistari hiyo itakuwa inafuata mapito ya magurudumu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Safari chache za mwanzo za gurudumu ndizo zinazoshindilia zaidi. Lori likipita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, sehemu kubwa ya ubaya imekwisha fanyika. Safari ya kumi huongeza kidogo tu. Kwa hiyo yule anayemwambia dereva, "Leo pita huku, kesho pita kule, usituharibie sehemu moja," anadhani anaokoa shamba, kumbe anaeneza ubaya shamba zima. Afadhali njia moja ife, shamba lipone.

Na udongo uliolowa hushindiliwa kuliko udongo mkavu. Hili akina mama wanaofinyanga vyungu wanalijua tangu zamani: udongo mkavu hauumbiki, ulowe kwanza ndipo ukubali mkono. Hivyo gogo linalotolewa Julai haliumizi ardhi kama gogo linalotolewa Aprili.

CHUMA NA MADUMU MAWILI

Haya, sasa tupime. Wataalamu wa misitu wana chombo cha kupimia ugumu wa udongo. Ni fimbo ya chuma yenye ncha, na juu ina saa inayoonyesha nguvu. Kinauzwa ghali. Sisi tutatengeneza cha kwetu.

Mwombeni fundi wa kuchomelea awakatie nondo ya milimita 12, urefu mita 1 na sentimita 20. Juu yake aunganishe kipande kingine cha nondo hiyo hiyo, sentimita 60, kikae kama msalaba au herufi T. Kwenye fimbo ndefu pigeni alama za rangi kila baada ya sentimita 5, kuanzia chini.

Tafuteni madumu mawili ya lita 10. Yajazeni maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo maji yote ni kilo 20. Ongezeni uzito wa madumu yenyewe na wa nondo, mtafika karibu kilo 22 na nusu. Nondo ya milimita 12 ina uso wa kama sentimita 1.1 za mraba. Gawanyeni: 22.5 kwa 1.1 ni kama 20. Mmeona? Ni ile ile kilo 20 kwa sentimita ya mraba tuliyosema mzizi unakaribia kushindwa. Sasa madumu yenu yanasema na mizizi lugha moja.

Simamisheni chuma wima. Watu wawili wakishike kwa vidole tu kisianguke, wasikisukume. Watu wengine wawili watundike madumu, moja kila upande wa msalaba, kwa kamba fupi zinazolingana, taratibu, bila kuangusha. Kisha tazameni chuma kimezama hadi alama ipi. Kikizama sentimita 30 au zaidi, mizizi inaweza kupita. Kikisimama kwenye sentimita 10, mzizi nao utapata shida hapo hapo. Andikeni namba kwenye daftari. Msiseme mtaikumbuka.

Msipime mahali pamoja tu. Rweya ina changarawe na mawe, na chuma kikigonga jiwe kitasimama hata kama udongo ni laini. Kikisimama ghafla na mkasikia mlio wa jiwe, sogeeni hatua moja, pimeni tena. Kwa kila ekari pimeni sehemu 20, mkitembea kwa kukata shamba kutoka kona hadi kona.

Siku ya kupima ni jambo kubwa. Udongo wowote ukikauka huwa mgumu, hata wa kibanja. Ukilowa chapachapa huwa laini, hata wa njiani. Ukipima rweya Agosti na kibanja Aprili utakuwa umepima hali ya hewa, hukupima udongo. Pimeni siku mbili baada ya mvua nzuri iliyolowesha kwenda chini, na pimeni sehemu zote mnazotaka kulinganisha siku hiyo hiyo. Tena anzeni kibandani, chini ya migomba iliyotandazwa nyasi. Mkiona chuma kinavyozama huko, mtakuwa na kitu cha kulinganishia.

Chuma chetu hakina usahihi wa kile cha wataalamu. Chao kina ncha pana kuliko fimbo yake, ili fimbo isisuguane na kuta za tundu. Chetu husuguana kidogo kinapokwenda chini. Lakini kwa kutofautisha hapa na pale, kinatosha kabisa.

KOPO NA MIZANI

Kipimo cha pili ni uzito. Tumesema lumbesa hubeba zaidi kuliko gunia la kawaida. Basi lita moja ya udongo ulioshindiliwa lazima iwe nzito kuliko lita moja ya udongo laini. Hii inahitaji uvumilivu, lakini wale wanaopenda hesabu wataifurahia.

Chukueni kopo la bati, lile la maziwa ya unga linafaa. Kwanza lijazeni maji kwa kupimia chupa, mjue linachukua kiasi gani. Tuseme linachukua lita 0.8. Halafu toboeni kitako chote, libaki kama bomba. Kwanguani udongo wa juu sentimita 5, kisha wekeni kopo wima, juu yake ubao, mligonge taratibu kwa nyundo mpaka mdomo wake ulingane na ardhi. Acheni hapo, msigonge zaidi, maana mtaanza kushindilia nyinyi wenyewe. Chimbeni pembeni, litoeni kopo zima pamoja na udongo wake, mkate kwa kisu uliozidi juu na chini.

Udongo huo ukaushwe juani siku kadhaa, kisha umalizieni kwenye kikaango juu ya moto mdogo mpaka usitoe mvuke tena. Pimeni uzito. Kisha gawanyeni kilo kwa lita.

Tuseme udongo wa kibanja umetoka kilo 0.88. Gawanya kwa 0.8, unapata 1.1. Lita moja ni kilo 1.1. Tuseme udongo wa njia ya ng'ombe umetoka kilo 1.24. Gawanya kwa 0.8, unapata 1.55. Tofauti hiyo ni vyumba vilivyopotea. Chembe za udongo peke yake, bila nafasi yoyote, ni karibu kilo 2.65 kwa lita. Basi mkigawa 1.1 kwa 2.65 mtaona kwamba katika udongo wa kibanja huu wa mfano chembe ni asilimia 42 hivi, na nafasi ni 58. Kwenye njia ya ng'ombe chembe ni 58 na nafasi ni 42. Mambo yamegeuka kabisa.

Je, kipimo gani ni kibaya? Inategemea aina ya udongo. Udongo wa mfinyanzi ukifika karibu kilo 1.5 kwa lita, mizizi inabanwa sana. Udongo wa kichanga unaweza kufika karibu 1.8 ndipo mizizi ishindwe, kwa sababu mchanga una nafasi kubwa kati ya chembe zake. Ndiyo maana hatuwezi kusema "1.55 ni mbaya" bila kushika udongo mkononi, kuulowesha kidogo na kuona kama unaviringika kama kamba au unavunjika.

WALIOANZA BILA KUUJUA UDONGO

Msidhani ni wakulima wadogo tu wanaoanza kazi bila kuujua udongo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Walianza Kongwa, katikati ya nchi. Walileta matrekta na mashine nzito za kung'oa vichaka, na walitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na ukikauka huwa kama saruji. Visiki na ardhi ngumu viliharibu mashine, na karanga zilipokomaa ardhi ilikuwa ngumu mno kuzitoa. Yalikuwapo makosa mengine pia, mvua haikutosha na mipango ilifanywa kwa haraka kutoka mbali. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na karibu pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea. Waliokuwa na fedha zote zile walishindwa na udongo ambao hawakuuchunguza vya kutosha kabla ya kuanza.

PAKIWA PAGUMU TUFANYEJE?

Kwanza tuulize ugumu uko wapi. Chuma kikisimama kwenye sentimita 10 kisha kikasukumwa kwa nguvu na kupenya chini kwenye laini, hilo ni tabaka la juu tu. Kazi hiyo ni ya jembe na sururu, tena ifanywe mwishoni mwa kiangazi kabla ya mvua za Septemba, wakati udongo unavunjika mabonge. Ukichimba udongo ukiwa chepechepe, kuta za shimo zinang'aa kama chungu kilichosuguliwa, na mzizi hauwezi kuzipenya.

Tahadhari na shimo dogo. Watu wengi huchimba shimo la sentimita 30 kwenye ardhi ngumu, hujaza udongo laini na mbolea, huweka mche, huridhika. Mwaka wa kwanza mche unastawi. Mwaka wa pili mizizi inafika kwenye kuta, haipiti, inazunguka. Mmepanda mti kwenye chungu. Penye ugumu, shimo liwe na upana wa sentimita 60, na chini yake mvunje kwa sururu au mtaimbo mpaka mpite lile tabaka. Pia viriba vya nailoni viondolewe kabisa wakati wa kupanda. Tunalisema hili kwa sababu bado tunaona watu wanaopasua kitako tu na kuacha nailoni shimoni.

Palipo pagumu sana, kama njia ya zamani ya malori, afadhali kungoja. Pandeni mikunde kwa mwaka mmoja au miwili, kama marejea. Watafiti wa kituo cha Maruku, Bukoba, wamewahi kujaribu mikunde ya namna hiyo kwenye udongo wa rweya. Mizizi yake hufungua njia, na ikioza huacha matundu. Mwenye haraka hatalipenda shauri hili, tunajua.

Kuhusu malori, kijiji kikubaliane na mnunuzi kabla hajaleta gari: njia ni hii moja, magogo yasogezwe hadi njiani kwa mikono au kwa ng'ombe, na kazi ifanyike kiangazi. Katika baadhi ya mashamba ya miti hapa Tanzania maksai wamewahi kutumika kukokota magogo, wala si jambo la aibu. Matawi yaliyokatwa yasichomwe, yatandazwe kwenye njia ya lori, magurudumu yapite juu yake. Matawi hubeba sehemu ya mzigo. Haya yaandikwe kwenye mkataba. Sasa tunajua kusoma, hatuna sababu ya kukubaliana kwa mdomo na mtu anayeondoka na lori kesho yake.

Bwana Misitu wa wilaya anaweza kuwasaidia. Mwombeni aje siku ya kupima, asije siku ya kupanda tu.

ZOEZI

Someni habari hii kwa sauti, mmoja asome na wengine wasikilize, kisha mjibu kwenye madaftari.

Kikundi kimoja kina ekari mbili za rweya. Wanataka kupanda misindano kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,000. Mche mmoja tuseme ni shilingi 300. Walipima sehemu 20 kwenye kila ekari. Katika ekari ya kwanza chuma kilizama sentimita 30 au zaidi kwenye sehemu 16. Katika ekari ya pili kilizama hivyo kwenye sehemu 5 tu. Sehemu 15 zilizobaki kilisimama kwenye sentimita 12, na zote ziko kwenye njia ambayo ng'ombe wa kijiji hupita kwenda kunywa maji.

Ekari moja itachukua miche mingapi, na kwa fedha kiasi gani? Katika kila ekari, ni asilimia ngapi ya sehemu zilizopimwa ambazo mizizi inaweza kupita? Fedha zao zinatosha ekari moja tu mwaka huu. Waanze na ipi?

Swali la mwisho halina hesabu, na tunadhani ndilo litakalochukua muda mrefu. Kikundi kikipanda ekari ya pili, njia ya ng'ombe itafungwa. Wenye ng'ombe nao ni wanakijiji, na baadhi yao ni wanachama wa kikundi hicho hicho. Ng'ombe wapite wapi kwenda majini, na nani aamue?